Nipakatie Mwanangu: Utu wa Wasafiri Kati ya Iringa na Mbeya

Mama akipanda basi lililojaa pale Mafinga, mtoto wake hupata pa kukaa kabla yake. Haombi kwa maneno mengi. Husema tu, "Nipakatie mwanangu," na mikono ya watu asiowajua inampokea mtoto, inampitisha juu ya mabega ya waliosimama, hadi anatua mapajani mwa bibi aliyekaa dirishani. Bibi anamfuta kamasi kwa ncha ya kitenge, anamfunika miguu maana Mafinga ina baridi, kisha anaendelea na mazungumzo yake kana kwamba amempakata mjukuu. Mama anaweza kusimama hadi Makambako bila kumwona mwanawe usoni, na moyo wake umetulia.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kila nilipowauliza wanafunzi desturi hii imetoka wapi, walinijibu kwamba ndivyo Waafrika tulivyo. Jibu hilo sijawahi kulipokea. Kama ingekuwa ndivyo tulivyo tu, tungekuwa hivyo kila mahali na kila wakati, na kila aliyewahi kukaa stendi kubwa anajua hatuko hivyo. Utu ninaouona katika mabasi ya Nyanda za Juu Kusini ulitengenezwa na watu waliopelekwa mbali na kwao, vizazi kadhaa mfululizo, wakaonja kuwa wageni pasipo na ndugu, na waliporudi wakawa wamekwishajua mgeni anahitaji nini.

Miji yenyewe miwili haikuzaliwa kwa upole. Iringa ni mji wa boma la jeshi. Wahehe wa Chifu Mkwawa walimshinda kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski pale Lugalo Agosti 1891, Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi Julai 1898 alipojiua asikamatwe. Mji tunaouita Iringa leo, ule ulioko kilimani juu ya Ruaha Mdogo, ulikuzwa na wanajeshi wa Kijerumani katika miaka hiyo hiyo. Kwa bibi zangu, mtu asiyefahamika aliyeonekana njiani alikuwa askari, karani wa kodi, au mtu anayetafuta vijana wa kubeba mizigo. Ukimwona, ulijificha.

Mbeya uliletwa na dhahabu. Ilipatikana Lupa, upande wa Chunya, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kabla muongo huo haujaisha Mbeya ulikuwa umeanza kukua kama mji chini ya mlima Loleza. Vijana wa Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali na Kibena walitembea kwenda Lupa kuchimba na kuchekecha mchanga wa wenye leseni. Wazungu waliokuwa wakipita na Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyotoka Rhodesia kupitia Tunduma, Mbeya, Iringa na Dodoma hadi Nairobi, walikuwa na hoteli zao za kulala. Mwafrika hakuwa na hoteli. Idara ya Kazi, iliyoanzishwa mwaka 1926, iliweka kambi za kupumzikia wafanyakazi kwenye njia kuu, lakini kambi hazikuwepo kila mahali jua lilipozamia. Mahali pengi malazi yalikuwa nyumba ya mtu yeyote aliyefungua mlango.

Hapa ndipo naona mwanzo wa jambo lenyewe. Kijiji kilichokuwa kando ya njia ya Lupa kilipokea vijana wachovu msimu hadi msimu, na vijana wa kijiji hichohicho nao walikuwa wakilala kwa watu huko mbele. Mama aliyempa mtoto wa mwenzake ugali jioni alikuwa na wa kwake aliyekuwa akila kwa mwingine usiku uleule. Hakuna aliyeandika hesabu ya ugali ule.

Baba yangu alikwenda kwenye mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Wabena, Wakinga na Wahehe wakachukuliwa kwa malori kupelekwa Tanga na Morogoro. Wafanyakazi hao waliitwa manamba. Baba alipelekwa Kimamba, Kilosa. Wengine wa rika lake, hasa upande wa Mbeya na Tukuyu, waliingia Wenela, wakala wa kuajiri wachimbaji, na kwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoifunga njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baba hakupenda kusimulia kazi ya kukata mkonge. Alichopenda kusimulia ni safari. Alisema kwamba kwenye lori mtu wa kwanza wa kumtafuta alikuwa mtani.

Wahehe na Wangoni walipigana vikali sana katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha vita vikaisha, na baadaye waliokuwa maadui wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukuambia kabila lako linakula mbwa, kukunyang'anya kofia na kuivaa, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini ukiugua ugenini, yeye ndiye anayekuletea maji. Ukifa, yeye ndiye anayeshughulikia maiti yako, anayekulaza kaburini, na hata kaburini hapo anakutania. Mwingereza R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekaa miaka mingi Amani kule Usambara, aliona jambo hili kwa wafanyakazi waliotoka makabila mbalimbali, akaandika juu yake katika miaka ya 1940. Alishangaa jinsi utani ulivyoenea nchi nzima kupitia misafara na ajira. Baba hakuwa na haja ya kulisoma. Pale Kimamba aliugua homa kali, na aliyemwogesha na kumlisha uji alikuwa Mngoni wa Songea aliyekuwa akimwita "mla mbwa" tangu siku waliyopanda lori.

Kwa hiyo leo, konda akisikia lafudhi ya abiria na kuanza, "Ninyi Wahehe mkikasirika kidogo mnajinyonga, sasa nauli yako nichukue mapema," basi zima likaangua kicheko, mimi nasikia zaidi ya mzaha. Konda amekwishampa mgeni huyo mtu wa kumwendea endapo mambo yatamharibikia.

Upande wa Rungwe kulikuwa na shule nyingine ya kuishi na wasio ndugu. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kilieleza vijiji vya marika: wavulana waliondoka kwa wazazi wakajenga vijiji vyao, wakaishi na wenzao wa umri mmoja badala ya kuishi na ukoo. Kijana alikua akijua kwamba jirani ni mtu uliyekula naye, awe ndugu asiwe. Vijiji hivyo havipo tena. Lakini nikikaa kwenye Hiace ya kwenda Kyela, na mtu ananimegea nusu ya ndizi aliyoimenya bila kunitazama, nawakumbuka wale wavulana.

Barabara tuliyo nayo ilikuja kwa haraka na kwa sababu ya siasa. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta haina njia salama ya kupitisha mafuta. Mapipa yakaanza kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Mikumi, Kitonga, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwenye njia ya udongo ambayo masika iligeuka tope. Watu wengi walikufa kwenye njia ile. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, barabara ya lami ikajengwa kipande kwa kipande hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Katika miaka isiyozidi kumi na mitano, sehemu ambayo watu walitoka kwa miguu ikawa mapito ya nchi nzima.

Reli haikufika Iringa. Ilipita chini, Mlimba, ikapanda milima hadi Makambako, ikaenda Mbeya. Na lami yenyewe ilipita bondeni pale Ipogolo, mji ukabaki juu kilimani. Jambo hili dogo la wahandisi limeamua maisha ya wageni wa Iringa hadi leo, na nitalirudia.

Nilikwenda Mbeya mara ya kwanza Januari 1977, nimechaguliwa kidato cha kwanza katika shule ya Loleza. Wakati ule serikali ilitawanya wanafunzi mikoani kwa makusudi, na kila mmoja alipewa waranti ya kusafiria. Kwa hiyo kila Januari mabasi ya barabara ile yalijaa watoto wa miaka kumi na minne wenye matranka ya bati, godoro lililofungwa kamba, na karatasi ya serikali mkononi, wakienda kwenye miji ambayo hawajawahi kuiona. Naamini wale watoto ndio waliowafanya watu wazima wa barabara ile kuwa walezi. Huwezi kukaa karibu na mtoto anayelia kimyakimya toka Iringa usimwulize anakwenda wapi.

Aliyeniuliza mimi alikuwa mama mmoja aliyepanda Mafinga na kikapu cha viazi. Nilimsalimia kwa kupiga goti kidogo katikati ya viti, kama tulivyofundishwa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Unakwenda kusoma?"

Mvua ilikuwa imeharibu mchepuko mahali fulani mbele ya Makambako, tukakaa hapo hadi giza likaingia. Kila basi liliposimama penye taa nilitaka kushuka. Pale Uyole nilikwishasimama, naye akanishika gauni: "Kaa. Hapa Uyole. Mji bado." Tulipofika stendi ya Mbeya ilikuwa usiku sana. Dereva akazima injini, akasema wanaotaka kusubiri kuche walale humohumo, yeye atalala kwenye kiti chake. Yule mama alikuwa mwenyeji wa Simike, angeweza kwenda kwake na wenzake waliokuwa wakielekea huko. Alibaki. Alinilaza kiti cha watu watatu, akanifunika kitenge, akakaa ukingoni kwenye njia ili mtu yeyote anayepita apite kwanza kwake. Asubuhi alininunulia chai na andazi, akambebesha mtu wa mkokoteni tranka langu na viazi vyake pamoja, tukapanda kwa miguu hadi lango la shule. Alinikabidhi kwa mlinzi kwa maneno ambayo nayakumbuka yote: "Huyu ni wangu. Mfikishe kwa mwalimu."

Kulala ndani ya basi mpaka kuche ni desturi iliyookoa watu wengi kuliko hoteli yoyote. Hakuna tiketi iliyoahidi hivyo. Dereva na konda ndio waliokuwa wakilala mlangoni, na stendi nzima ilijua kwamba waliomo ni wageni wao. Mwanamke aliyefika na mtoto mchanga saa saba za usiku hakuwa na haja ya kumtafuta mtu wa kumwamini; aliendelea tu kukaa pale alipokuwa.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu ni kuchimba dawa. Basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nyika za upande wa Igawa na Rujewa hazina vichaka vya kutosha. Anayeshuka wa kwanza hafanyi haja yake kwanza: anavua kitenge cha juu, anakishika ncha mbili mikono ikiwa imenyooshwa, akiitazama barabara, na nyuma yake wenzake wanajisitiri kwa zamu. Akishamaliza mmoja anampokea kitenge. Nimeona mwanamke wa Kihindi, mwenye umri kama wangu, akisita mlangoni mwa basi, hajui afanyeje. Wanawake wawili wakamwita kwa mkono bila neno, wakasimama wote wawili kumzungushia. Alipotoka ndiye aliyeshika kitenge kwa ajili ya bibi aliyefuata.

Kwenye treni ya TAZARA wanawake walitengwa na wanaume, watu sita katika chumba cha daraja la pili, na safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ilichukua usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana. Watu sita wasiofahamiana waligawana vitanda kwa mpangilio ambao hakuna aliyeutangaza: mjamzito na mzee chini, wasichana juu. Nilipokuwa mwalimu kijana nilisafiri na wanawake wa Kizambia waliokuwa wakifanya biashara ya vitenge na chumvi, na mmoja wao alinifundisha kufunga mlango kwa kamba ya kiatu kila tunapokaribia stesheni kubwa.

Baada ya vita vya Kagera, miaka ya 1980 ilipoanza, mafuta na matairi yakawa adimu, mabasi yakasimama juu ya mawe. Watu walisafiri juu ya malori, wakikaa kwenye magunia ya mahindi. Madereva wengi walimpa mjamzito au mzee nafasi ya mbele, na utingo akapanda juu na sisi. Tulipopanda mlima wa Kitonga, ambako lori linalia na kusogea kama linalotambaa, utingo aliruka chini akatembea nyuma yake na gogo la kuwekea gurudumu. Sisi tuliokuwa juu tulishikana mikono, nani na nani hatukujua.

Sitaki mtu aninukuu kwamba njia ilikuwa ya malaika. Miaka ya 1990 walikuja wezi wenye biskuti na soda zilizotiwa dawa. Abiria alikaribishwa, akala, akaamka Tunduma mifuko mitupu, na wengine hawakuamka. Redio ikatuonya, makonda wakatangaza kabla ya basi kuondoka: usipokee chakula cha usiyemjua. Niliogopa kwamba hapo ndipo desturi ingekufa, maana watu wetu hawajui kukaa pamoja bila kula pamoja. Haikufa. Ilirudi kwenye adabu ya zamani zaidi. Nyumbani kwetu Iringa mwenye ulanzi, pombe ya mianzi, humimina, hunywa yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa kikombe. Tunaita kutoa sumu. Na ndani ya mabasi watu wakaanza vivyo hivyo. Anayetaka kukukaribisha hununua mahindi ya kuchoma dirishani mbele ya macho yako pale Ilula au Igurusi, anavunja gunzi, anauma lake, ndipo anakupa nusu. Vijana wanaofanya hivyo leo hawajawahi kuonja ulanzi.

Miaka hiyohiyo ya 1990 serikali ilipiga marufuku mabasi kutembea usiku, kwa sababu ya ajali na majambazi. Basi la Tunduma au Kyela lililochelewa lilibidi lilale njiani, na ile desturi ya kulala ndani ya gari ikapata nguvu mpya. Makambako ilijifunza kuuza uji usiku wa manane. Akina mama wa pale waliwafungulia wageni vyoo vya nyumbani mwao.

Juni 2023 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba mabasi yaruhusiwe kusafiri saa 24, na ratiba za usiku zikaanza Oktoba mwaka huohuo. Nafurahi kwa wafanyabiashara na wagonjwa. Lakini basi la usiku halilali. Likifika Iringa saa nane za usiku linasimama Ipogolo dakika chache, linamwaga watu wake bondeni, linaondoka kwenda Mbeya. Mji uko juu, daladala hazijaanza, na aliyekuja Iringa mara ya kwanza hajui hata kwamba mji uko juu. Pia tiketi sasa inakatwa kwa simu, kila mtu amevaa visikilizio masikioni, na konda hana tena sababu ya kumwuliza kila abiria anakwenda kwa nani. Swali lile ndilo lililokuwa likimjulisha nani ni mgeni.

Nimekwenda Ipogolo usiku kumpokea mwanangu, nikakuta jiko la mkaa linawaka kando ya barabara na akina mama wawili wanauza chai. Watu waliokaa karibu nao si wote wanunuzi. Mmoja alikuwa msichana wa chuo mwenye begi, hakuwa ameagiza kitu. Mama wa chai alimsogezea ndoo iliyofunikwa akae, akamwuliza, "Unasubiriwa na nani, dada?" Alipojibu kwamba anakwenda chuo cha Mkwawa, yule mama akampigia simu dereva wa bajaji anayemjua, akaandika namba ya gari kwenye kipande cha boksi, akampa msichana nusu yake na nusu akabaki nayo.

Halmashauri imekwishajenga stendi kubwa ya Igumbilo, na kila mwaka tunasikia mipango mingine ya vituo. Nilisema kwenye mkutano wa mtaa na nasema tena hapa: pale mabasi ya usiku yanaposhusha watu, pawekwe taa, choo kinachofunguliwa usiku, na benchi lenye paa. Na kabla fundi hajachimba msingi, wale akina mama wa chai waulizwe benchi likae wapi, kwa kuwa wao ndio wanaojua abiria hushukia upande gani na upepo wa bondeni hutokea wapi.